Banda la Video la Mwanjelwa: Projekta Nzuri, Pembe Zimekatwa

Jumamosi iliyopita, walimu watatu wa michezo tulikodi kwa saa mbili banda la video lililo jirani na soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya, tukiwa na mchezo mmoja tu kwenye flashi: fainali ya vyuo vya Marekani iliyochezwa Atlanta tarehe 8 Januari 2018, kati ya Alabama na Georgia. Sisi hufundisha kandanda, si mpira wa Kimarekani, lakini vijana wetu wa chuo huruhusu mabao kwa kosa lile lile lililowaponza Georgia, yaani walinzi wawili kumwachia mtu mmoja, kila mmoja akidhani ni wa mwenzake.

Katika muda wa nyongeza Georgia walikuwa mbele kwa pointi 23 dhidi ya 20. Tua Tagovailoa, mrushaji wa Alabama aliyeingizwa baada ya mapumziko timu yake ikiwa nyuma kwa 13 bila, alikuwa ameangushwa na kupoteza yadi 16; jaribio lililofuata alirusha mpira wa yadi 41 kwa mpokeaji wake DeVonta Smith, zikaingia pointi sita, na Alabama wakashinda 26 kwa 23. Georgia walikuwa na walinzi wawili wa mwisho, kila mmoja akilinda nusu ya uwanja, nusu yenye upana wa mita zipatazo 24. Katika mpango huo mlinzi wa pembeni humsumbua mpokeaji mwanzoni, kisha humwachia apite kwa kuamini kwamba aliye nyuma atampokea. Tagovailoa alitazama kwanza kulia. Mlinzi wa mwisho wa kushoto, akiyafuata macho hayo, akachelewa kutoka katikati, na Smith akapita kando ya mstari bila mtu juu yake.

Sasa, hayo yote kwenye shuka la banda hayakuonekana. Mwenye banda alikuwa ameivuta picha mpaka ikajaa shuka, na kwa kuwa shuka ni fupi kwa upana, pande zote mbili zilikatwa. Tuliona mpira ukiondoka mkononi, ukaelekea kushoto, ukatokomea. Kisha tukasikia kelele za washabiki.

"Kaka, mbona pembeni hakuonekani?" nikamuuliza.

"Mwalimu, wateja wangu hawapendi ile mistari myeusi juu na chini."

Kwa anayetazama ligi jibu hilo linatosha, maana kamera hufuata mpira. Kwa anayechunguza walinzi, ukingo ndio somo lenyewe. Tulipomsihi mara ya tatu alikubali kuirudisha picha, ingawa rimoti ya projekta haikuwa na betri, ikabidi apande juu ya stuli na kubonyeza kwa kidole, kazi iliyotugharimu karibu nusu saa ya muda tulioulipia.

Baada ya hapo sina lawama. Mwanga wa projekta ni mkali, namba za jezi zinasomeka ukiwa benchi la nyuma, na kijana anayeshika kompyuta ana mkono mwepesi ajabu: alisimamisha picha kila hatua ya yule mlinzi mpaka tukahesabu mahali mguu wake ulipochelewa kugeuka. Mabenchi hayana egemeo, na upepo wa Mbeya unapenya kwenye mabati, hivyo njoo na sweta. Chai ya tangawizi ni ya moto na bei yake ni ya haki.

Tumeshaweka nafasi ya Jumamosi ijayo, kwa sharti la picha nzima, na betri za rimoti tutakwenda nazo wenyewe.