Winchester 94 ya zamani: nilivyoifunga saiti ya tundu na mkanda wa ngozi, uzoefu wangu

Niseme mapema ili usipoteze muda: kama una Winchester 94 ya kizamani, raifo ya kuwindia ya leva (ule mkono wa chini unaouvuta ili ganda la risasi litoke na nyingine iingie), zile zinazotema ganda juu, achana na habari za darubini, funga saiti ya tundu (kifaa cha kulengea chenye kitundu cha kuchungulia) nyuma ya bodi, ile chuma ya katikati yenye mitambo, na utafute mkanda wa ngozi usiohitaji kutoboa mbao, basi, umemaliza. Yaliyobaki hapa chini ni maelezo tu, ila yasome kabla hujatoa pesa.

Yangu ni ya miaka ya 1970, inatumia risasi aina ya .30-30, mtutu wa inchi 20, niliikuta ya mtumba dukani hapa Pennsylvania. Huku raifo semi-otomatiki (zinazojijaza zenyewe kila ukifyatua) haziruhusiwi kwenye kulungu kwaiyo hizi za leva utazikuta kila kona, bei zinapishana sana. Zile zilizotoka kabla ya 1964 ndo watoza vitu vya kale wanazigombania, ukiitoboa tundu moja tu thamani imeshuka, na hata hii yangu ambayo sio ya maonyesho sikutaka mtu aipige drili.

Kwanini sio darubini? Kwasababu ukivuta leva ganda linaruka juu moja kwa moja, sasa darubini ikiwa pale katikati ganda litapita wapi? Kuna watu wanaifunga pembeni, shavu linakosa pa kukaa, unalenga shingo imepinda kama umelalia mto mbaya. Matoleo ya miaka ya 1980 kuja juu yalibadilishwa, ganda linatoka kwa pembeni kidogo, hao wenye hizo wana uhuru wao. Halafu kuna nyundo, hii ina nyundo ya nje unayoivuta kwa kidole gumba, darubini ikikaa chini unaanza kupapasa nyundo na glavu za baridi, mi hapana.

Saiti yake ya kiwandani ni ile yenye mapembe, imekaa juu ya mtutu mbele huko, na ukishapita miaka arobaini aisee unaona ukungu tu. Jicho haliwezi kuona vitu vitatu kwa pamoja, saiti ya nyuma, ya mbele na mnyama. Saiti ya tundu inaondoa kimoja. Unachungulia tu kwenye tundu, hulitazami, jicho lenyewe linaipeleka saiti ya mbele katikati bila wewe kuhangaika, na kwavile imerudi nyuma karibu na uso, umbali kati ya saiti mbili unaongezeka, makosa madogo ya kulenga yanapungua.

Nilichukua ya Williams, ile wanayoiita FP, ni kampuni ya Michigan, bei ilikaribia dola mia. Uzuri ni kwamba bodi ya bunduki yangu upande wa kushoto kule nyuma ina matundu mawili ya skrubu tangu kiwandani, yamezibwa na vijiskrubu, unavitoa unafunga saiti hapohapo, hakuna kutoboa. Ila vile vijiskrubu vimekaa humo miaka yote hiyo na mafuta yamegeuka gundi, kwaiyo usiende na bisibisi ya kufungulia redio, tafuta ile ya mafundi bunduki ambayo ncha yake inajaa mfereji wote wa skrubu, vinginevyo unachuna kichwa na mchezo umeisha. Mimi nilidondoshea mafuta ya kupenya usiku, asubuhi vikatoka kiulaini. Halafu safisha matundu kwa spiriti yakauke, weka tone moja la gundi ya skrubu ya bluu, ya bluu sio nyekundu, ile nyekundu mpaka uipashe moto ndo inaachia. Na kabla ya yote hayo vuta leva mara kadhaa, chungulia chemba, pitisha kidole, hakikisha hakuna risasi hata kwenye bomba la chini ya mtutu linalobeba risasi.

Saiti ya zamani inatoka kwa kugongwa na panchi ya shaba, kutoka kushoto kwenda kulia, pale inapobaki mfereji mtupu unaweka kiziba chake cha chuma, ni dola chache.

Sasa hapa ndo pana gharama ambayo kwenye tangazo hawaisemi kwa sauti. Saiti ya tundu inakaa juu kuliko ile ya zamani. Nilipoenda kupiga, yadi 50, nimeishusha mpaka mwisho kabisa na bado risasi zinapiga inchi 6 juu ya alama. Dawa yake ni saiti ya mbele ndefu zaidi, na hesabu ni rahisi tu: zidisha kosa kwa umbali kati ya saiti zako mbili, gawanya kwa umbali wa shabaha, vyote viwe inchi. Kwangu ni 6 mara 25 gawanya kwa 1800 (yadi 50 zikiwa inchi), inakuja kama inchi 0.083, yaani milimita mbili na kidogo. Nikaagiza ya urefu huo, kwaiyo wewe weka kwenye bajeti toka mwanzo. Baada ya hapo kurekebisha ni raha, unalegeza skrubu ya kukaza, unazungusha kidogo, unakaza tena, na haihami hata ukiigonga kwenye mlango wa gari (imeshagongwa). Porini nafungua kile kidude cha katikati chenye tundu dogo, linabaki duara kubwa, alfajiri msituni mwanga ukiwa hafifu bado unaona.

Mkanda nao. Kuna seti za kawaida za pete za kushikia mkanda, ya mbele inabana bomba la risasi na ya nyuma ni skrubu inayoingia kwenye kitako, lazima utoboe mbao. Fundi mmoja aliniambia ni kazi ya dakika kumi, nikamwambia hizo dakika kumi abaki nazo. Mimi nimechukua wa ngozi, kitako kinavishwa kama soksi inayofungwa kwa kamba, ina kishikizo cha mkanda na vitanzi vya risasi upande wa kulia ili shavu lisiguse, mbele kuna kitanzi kinachozunguka mtutu na bomba kwa pamoja kinaegemea pete ya chuma ya bunduki yenyewe inayoshikilia mtutu na bomba. Hakuna mlio wa chuma kugonga chuma, na ngozi haiteleziteleza begani juu ya fulana ya wawindaji ya rangi ya chungwa kama ule wa naironi. Kwetu Tabora gobore lilifungwa kamba ya katani na likabebeka, lakini ukizunguka State Game Lands (mapori ya jimbo ya kuwindia) siku nzima bega litakwambia tofauti.

Ubaya upo. Mvua ikinyesha ngozi inakaa na maji juu ya mbao, ukirudi vua ile soksi ukaushe, usiiache kabatini imevaa. Na usiuvute mkanda kwa nguvu mkononi wakati wa kufyatua, kitanzi kimeshika mtutu, ukivuta unahamisha risasi zinapopiga, jaribu kwenye karatasi utaona.

Wenye Marlin 336, raifo nyingine ya leva, msinifuate kichwakichwa, ile inatema ganda pembeni, juu ya bodi ni chuma kitupu na ina matundu ya darubini tayari, nyingi zinakuja na vishikizo vya mkanda kabisa, nyie nunueni mkanda tu mwende porini.