Banda umiza la Manzese: nililipa buku ya derby, nikaondoka na Botswana

Niseme mapema kabisa, ukija kwenye hili banda la kuonyeshea mpira na mchumba mtagombana. Joto la humo ndani ni la kukaangia, feni ziko mbili na moja sijawahi kuiona inazunguka, mabenchi hayana pa kuegemea, na ukichelewa unakalishwa nyuma ya nguzo, unaangalia mpira nusu uwanja. Kiingilio jero siku za kawaida, mechi kubwa buku. Kuna mama wa chipsi mlangoni, chipsi zake safi, kachumbari haibanii, mishkaki ndio usiniulize, nitafika huko.

Kilichonifanya niandike ni ile Olimpiki ya Paris Agosti 2024. Mabanda yote ya kitaa ni mpira tu, ukiomba riadha mtu anakuangalia kama umemwomba figo. Huyu jamaa mwenye banda alikubali, sema mwanzo alizingua. Jumamosi tarehe 3 ilikuwa Simba Day, sikukuu ya klabu ya Simba, watu wametoka kwa Mkapa na jezi zao wamekuja kumalizia usiku, na fainali ya mita 100 wanawake ilikuwa kama saa nne na dakika ishirini hivi saa zetu. Namfuata nje namwambia kaka tuwekee Olimpiki, rimoti iko mfukoni mwake, mikono imejaa mafuta, ananiambia subiri nigeuze hii mishkaki mitatu. Sasa mbio za sekunde kumi na mishkaki wapi na wapi! Tunaingia ndani, projekta inawasha, dada kashamaliza, tunaonyeshwa marudio. Julien Alfred wa Saint Lucia, sekunde 10.72, kamwacha Sha'Carri Richardson wa Marekani anahangaika huko nyuma na mvua yao. Na ile mishkaki iliungua vilevile.

Jamaa wa pembeni akauliza hiyo Saint Lucia ndio wapi, mwingine akadakia Ulaya hiyo, nikawaambia ni kisiwa cha Karibi, watu wake hawafiki hata laki mbili na hawakuwahi kupata medali yoyote ya Olimpiki, wameanzia dhahabu moja kwa moja. "Laki mbili? Si Mbagala hiyo!" Usiku uleule Thea LaFond wa Dominica alichukua dhahabu ya miruko mitatu, mita 15.02, nayo ya kwanza kwa nchi yake. Dominica wako elfu sabini hivi, yaani uwalete wote Uwanja wa Mkapa, watakaokosa siti ni wachache tu. Hiyo hatukuiona kabisa, tulikuwa tunaangalia marudio ya mechi.

Nadhani jamaa roho ilimsuta maana Alhamisi tarehe 8 alibadilika. Siku hiyo ilikuwa derby, nusu fainali ya Ngao ya Jamii, Yanga kashinda moja bila, goli la Maxi Nzengeli, banda limejaa mpaka watoto wamekaa chini ya screen. Filimbi ya mwisho ikalia, Simba wakatoka kimyakimya na Yanga wakatoka na kelele, spika ikahamishwa nje wakacheze, ndani tukabaki kama ishirini. Sijasema kitu, jamaa mwenyewe kanifuata, rimoti mkononi, "haya, huyo dogo wako wa Botswana saa ngapi?" Saa tatu na nusu, nikamwambia, na leo usishike mishkaki.

Tuliangalia fainali ya mita 200 bila sauti. Letsile Tebogo, miaka 21, alipotoka kwenye kona nilishasimama, hatua za mwisho alikuwa anajigonga kifua kabla hata hajamaliza, 19.46, Bednarek wa pili, Noah Lyles wa tatu. Hakuna Mwafrika aliyewahi kushinda mita 200 Olimpiki kabla yake. Wale waliokuwa wanacheza nje wakarudi kuchungulia, nani kafunga? Halafu dogo akavua kiatu akakionyesha kwenye kamera. Mama wa chipsi kasimama mlangoni na kijiko chake akauliza anaonyesha kiatu cha nini, nikamwambia kaandika tarehe ya kuzaliwa ya mama yake, mama kafariki Mei hii hii. Akakiweka kijiko juu ya ndoo. "Mwanangu weee." Chipsi za mtu zikakauka na hakuna aliyedai.

Kesho yake serikali ya Botswana ikawapa wananchi mapumziko ya nusu siku. Mimi nilikuwa kazini saa mbili kamili na macho mekundu.

Jumamosi saa tatu asubuhi marathoni, jamaa akafungua banda kwa ajili ya Simbu, mkimbiaji wetu wa Tanzania, tu, bila kiingilio, tulikuwa tisa na chai ya rangi na chapati. Kulikuwa na mzee mmoja, kila baada ya muda anatukumbusha Olimpiki ya Moscow 1980, Bayi fedha, Nyambui fedha, na toka hapo hatujapata kitu. Tola wa Ethiopia akashinda, Simbu hakugusa medali, mzee akavaa kofia akaondoka bila kuaga. Wanamichezo saba tulipeleka na wote wakarudi mikono mitupu, sisi tulio zaidi ya milioni sitini.

Nampa nyota nne. Ya tano iko kwenye ile mishkaki, pamoja na chenji yangu ya siku ya Simba Day ambayo mpaka leo ananiambia "nakukumbuka kaka".