Mayai ya Shetani ya Nyali: Shetani Mwenyewe Hakufika

Khalati yangu alipopewa menyu alisukuma miwani juu ya pua, akasoma kwa sauti, "Mayai ya shetani," kisha akaifunga. "Inuka twende zetu. Mimi nimetoka Kibokoni kwa tuktuk kuja kulishwa shetani?"

Jina la mkahawa huu wa Nyali, hapa Mombasa, sitalitaja. Mwenyewe ni mtu mwema, na haya ninayoyaandika nimeshamwambia ana kwa ana.

Kosa la kwanza ni la huyo aliyetafsiri menyu: kwa Kiingereza ni "deviled eggs", na "devil" ni shetani. Waingereza walianza kutumia neno hilo jikoni tangu karne ya 18, na lilishaandikwa kufikia 1786: chakula kikizidishwa pilipili au haradali mpaka kikawasha, basi kimetiwa ushetani. Hakuna uganga. Ni yai la kuchemsha lililopasuliwa kati, kiini kikatolewa, kikapondwa na viungo, kikarudishwa shimoni mwake. Nikamwambia Khalati kwamba hata Marekani, ambako hayakosekani kwenye karamu, kuna watu wa makanisa wasiotaka kulitamka jina hilo. Wao huyaita mayai ya kujazwa. "Hao wana akili," akasema, akaifungua menyu tena.

Vililetwa vipande sita, yaani mayai matatu, kwa shilingi 480. Kwa pesa hizo mimi naondoka soko la Kongowea na trei nzima. Lakini ukikaa Nyali, feni juu na kitambaa mezani, unajua unalipia nini.

Nianze na sifa. Napika vitafunio vya oda miaka 14 sasa, sambusa, katlesi, kababu, kwa hiyo yai la kuchemsha halinidanganyi. Haya yamechemshwa na mtu anayejua kutazama saa. Ute umeshika bila kuwa mpira, na hapakuwa na lile duara la kijani ambalo hujichora pembeni mwa kiini yai likisahauliwa motoni, salfa ya ute ikakutana na chuma cha kiini. Na yamemenywa vizuri, hayana makovu. Hilo si jambo dogo. Mwaka mmoja nilipata oda ya arusi Majengo, nikajitia ujanja wa kununua mayai 60 yaliyotagwa siku ile ile. Wallahi yalitoka kama yametafunwa na panya. Yai likiwa jipya mno, utando wake hung'ang'ania ute. Likikaa siku kadhaa, hewa ya kaboni hutoka kidogo kidogo kwenye ganda, uchachu wa ute hupungua, na ganda huachia lenyewe. Tangu siku hiyo mayai ya kumenya nayaweka wiki nzima, na sitaki ushauri wa mtu.

Sasa kujazwa kwenyewe. Mayonezi, juu yake mayonezi. Najua ina asili yake: Fannie Farmer wa Boston, katika kitabu chake cha mapishi cha 1896, ni miongoni mwa wa mwanzo kuandika kwamba kiini kishikanishwe kwa mayonezi, na Wamarekani wakaizoea. Ni kweli inalainisha. Lakini hapa ndimu haikugusa, haradali haikusikika, chumvi ilipita mbali. Juu wamenyunyiza unga mwekundu unaovutia macho, nikauramba kwa ncha ya kidole: rangi tupu. Mombasa! Mji ambao ukitembea Marikiti unapiga chafya kabla hujanunua kitu!

Nikamwomba kijana pilipili. Akaleta sosi tamu ya chupa.

Khalati akafungua mkoba. Ndani, kwenye kichupa kilichowahi kuwa cha dawa ya kikohozi, hutembea na pilipili yake ya ukwaju. Akadondosha tone moja kwa kila kipande, akasema bismillahi, akala. Nami nikala. Hapo ndipo yale mafuta yote yalipopata kazi: ukali ukapita mbele, ukwaju ukafuata, kiini kikaja nyuma kikipoza. Ndiyo maana watu hawajakichoka chakula hiki tangu zamani. Warumi walianza karamu kwa mayai, na mapishi yanayobeba jina la Apicius yanayamwagia mchuzi wa pilipili manga, asali na siki. Katika kitabu cha mapishi cha karne ya 13 cha Andalusi, yaani Uhispania ya enzi za Waislamu, kiini kinapondwa na dania, maji ya kitunguu na pilipili manga, kinarudishwa ndani, nusu mbili zinafungwa pamoja kwa kijiti, halafu pilipili manga tena juu. Nilipomsimulia Khalati, akanyoosha mgongo. "Waislamu wale. Kwa hiyo ni yetu." Nikamwambia Andalusi si Kibokoni. Hakunijibu.

Kusema kweli, mshindani wa mkahawa huu amesimama Mwembe Tayari na ndoo yake. Kwa shilingi 30 anakupasulia yai, anatia kachumbari, chumvi na pilipili, unakula ukiwa wima huku matatu zinakupigia honi. Ukali upo, uchachu upo. Kasoro yake ni kiini kikavu kinachokukaba koo mpaka uombe maji, na dawa ya hilo ndiyo hiyo waliyo nayo Nyali. Natamani mmoja angemtembelea mwenzake.

Nyumbani nimeshajaribu kuwaoza hao wawili: mayonezi kijiko kimoja kwa mayai manne, achari ya embe iliyosagwa, ndimu, na pilipili mbuzi iliyotolewa mbegu. Shida ni kusafirisha. Wamarekani walitengeneza sahani maalumu zenye vishimo, zikavuma miaka ya 1940. Mimi nilikuwa na sinia bapa na tuktuk, na tuta la kwanza tu lilitosha. Siku hizi nakata ute kidogo chini yai likae, kisha nalilaza juu ya kachumbari ya kabichi.

Huduma ni nzuri, vijana wana adabu, maji yanakuja bila kuombwa. Kahawa yao sina la kusema. Ukienda, agiza mayai, lakini nenda na pilipili yako.

Tulipoinuka, Khalati alimwita kijana. "Mwanangu, kichupa hiki mpe mpishi aonje. Lakini ni changu, nakitaka."

Wiki iliyopita alinituma nikakichukue. Kimerudi kitupu, kimeoshwa.