Winchi ya mkono kwa kuhamisha chipa kwenye mteremko: tathmini baada ya msimu mmoja wa masika

Anayenunua mashine ya kusaga matawi, ambayo sisi wa kazi ya miti tumezoea kuiita chipa, huuliza inameza tawi la unene gani na inakunywa dizeli kiasi gani, lakini ni nadra aulize itafikaje mahali mti ulipoangukia. Chipa yetu ina ekseli moja, hukokotwa na pikapu na ina uzito wa kilo 750. Barabarani haina taabu. Ikishafunguliwa kwenye gari, hata hivyo, hubaki imeegemea kigurudumu kidogo cha mbele, nacho kwenye udongo mwekundu wa Limuru wakati wa mvua huzama chote kabla hamjaisukuma hatua tano.

Kwa muda mrefu tulitegemea nguvu za vijana sita na kelele nyingi. Masika iliyopita, tulipokuwa tukikata mikaratusi kwenye shamba lenye mteremko mkali, mashine iliteleza ikarudi nyuma karibu mita mbili wakati mmoja wetu akiisukuma kutokea chini. Aliruka kando akasalimika, ila buti lake moja lilibaki ndani ya tope. Wiki hiyo hiyo tulinunua winchi ya mkono, yaani kifaa cha kuvutia mizigo kwa kebo, yenye uwezo wa kuvuta tani 1.6, ile ambayo kebo hupita katikati ya mwili wake na kushikwa kwa zamu na jozi mbili za taya.

Sifa yake kubwa ni kwamba ukiuachilia wenzo, mzigo hubaki pale pale ulipo. Wenzo mmoja huvuta na mwingine hulegeza polepole, kwa hiyo kuteremsha chipa, jambo tulilokuwa tukiliogopa kuliko kupandisha, sasa hufanywa na watu wawili. Nguvu zake zinatosha na kubaki: kwenye mteremko unaopanda mita 1 kwa kila mita 4, chipa ya kilo 750 huvuta kurudi chini kwa takribani kilo 180, na hata ukiongeza ukinzani wa tope bado uko mbali na kikomo. Ukipita kikomo, pini ndogo za wenzo hukatika kwa makusudi ili kebo isikatike. Yeyote anayeziba nafasi ya pini hizo kwa msumari anacheza na maisha ya wenzake, na hilo nimeliona kwa macho yangu.

Udhaifu wake upo, tena si mdogo. Winchi ni nzito, ikiwa karibu kilo 20 bila kebo, na kuibeba kupanda kilima ni kazi ya kutosha peke yake. Kila mpigo wa wenzo husogeza mzigo sentimita chache tu, hivyo mita 20 zilituchukua nusu saa nzima. Kebo nayo haitaki uzembe: ikikunjwa vibaya mara moja hupata kifundo ambacho taya hazikipitishi, na kwa sababu hiyo tumekwisha kubadilisha kebo moja.

Winchi pekee pia haitoshi. Tunatandika mbao nne za plaiwudi chini ya magurudumu na kuzihamisha mbele kila mashine inaposogea, tunakunja sinia ya kulishia matawi, na mtu mmoja hutembea na kabari mkononi, akiwa pembeni, kamwe si upande wa chini wa mashine wala kwenye mstari wa kebo iliyokazwa. Nanga yetu ni mti hai uliofungwa mkanda mpana karibu na ardhi. Kisiki hatukiamini, kwa maana nje kinaweza kuwa kigumu na ndani kimeoza.

Kwa kikundi kinachofanya kazi kwenye mashamba ya miinuko ningeipendekeza winchi hii bila kusita. Wanaofanya kazi kwenye nyua tambarare za mjini ninawashauri waanze na plaiwudi na gurudumu la mbele lililo pana zaidi. Siku nyingine, kwa kweli, ni nafuu kuiacha chipa kando ya njia na kuyaburuta matawi hadi hapo. Shamba lile la mikaratusi tulilimaliza kwa kuelekeza bomba la kutolea vibanzi kwenye njia ya tope, na tulipomwaga tabaka la kufika kwenye kifundo cha mguu, mashine ilirudi barabarani ikiviringika juu ya vibanzi vyake yenyewe, na winchi ikabaki kwenye pikapu.