TAHADHARI: Kingamwili za "mradi uliokwisha" zinazouzwa hapa Malindi

Wenzangu wa maabara, kuanzia Malindi mpaka Mombasa, na hasa nyinyi mnaosoma shahada ya pili kwa pesa za mfukoni: kuna bwana anazunguka na sanduku la barafu akiuza kingamwili za utafiti, yaani protini zinazonasa protini moja maalumu ili tuione, "zilizobaki mradi ulipokwisha". Mimi ameshanila shilingi 38,000. Jina lake sitaliandika hapa, maana jambo liko polisi.

Utafiti wangu ni wa kalsekwestrini ya moyo wa mbuzi. Kwa asiyeijua, protini hii hukaa ndani ya retikulamu ya sarkoplazimu, ghala la kalsiamu la seli ya msuli, na molekuli moja hubeba makumi ya ioni. Ghala likifunguliwa kalsiamu humwagika na moyo hukaza. Ikirudishwa ndani, moyo hulegea. Mwaka 2001 ilibainika kwamba hitilafu katika jeni yake, CASQ2, huweza kumfanya mtoto ambaye moyo wake ukipimwa huonekana mzima azirai anapokimbia au kushtuka, na wengine hufa hivyo. Hilo ndilo lililonivuta. Mbuzi wenyewe si shida, mioyo naipata kwa mchinjaji asubuhi ingali moto.

Kingamwili ndiyo shida. Kuagiza ng'ambo ni ghali, na mzigo ukikwama bandarini au uwanja wa ndege joto letu hili linaumaliza. Basi bwana yule aliponiambia anayo ya kalsekwestrini, iliyotoka kwa sungura, mikrolita 100, tayari iko Malindi, nilimshukuru Mungu. Tulikutana kwenye mkahawa Barabara ya Lamu. Kichupa kina lebo nzuri, namba ya katalogi, namba ya bechi, kila kitu. Nikatuma pesa kwa simu papo hapo, chai yangu haijapoa.

Dalili ya kwanza niliipata usiku uleule na nikaipuuza. Lebo ilisema dawa imo kwenye gliseroli asilimia 50. Mchanganyiko huo haugandi kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Ndiyo maana huwekwa, ili usiyeyushe na kugandisha kila siku. Changu asubuhi kilikuwa jiwe.

Nikaendesha jeli inayotenganisha protini kwa uzito, nikazihamishia kwenye utando na kuutia kingamwili ile: moyo, paja na ini la mbuzi yuleyule. Hakuna kitu. Nikarudia. Hakuna. Mara ya tatu nikaongeza kingamwili mara 5, mahali pa kalsekwestrini kwenye utando pakatoka peupe kama sanda. Nilijilaumu wiki mbili nzima, nikabadilisha bafa, nikamsumbua msimamizi wangu. Kumbe kwenye utando uleule kingamwili yetu ya zamani ya GAPDH (protini iliyomo karibu kila seli), nayo ya sungura, ilikuwa inaonyesha mstari wake pale kwenye kilodaltoni 37 (kipimo cha uzito wa protini) bila taabu. Kwa hiyo protini zilihama vizuri na kingamwili ya pili, ile inayoshika ya kwanza na kuifanya ionekane, ilikuwa nzima.

Msimamizi ndiye aliyesema, "Hebu dondosha tone la hicho kichupa chenyewe kwenye utando." Tukadondosha, pembeni tukaweka tone la ile ya GAPDH, tukamwagia kingamwili ya pili inayoshika ya sungura. La GAPDH likawaka. La bwana yule, kiza. Maana yake humo hamna kingamwili ya sungura kabisa, si ya kalsekwestrini wala ya kitu kingine. Tukapitisha mabaki kwenye jeli na kuitia rangi: mkanda mmoja mnene kwenye 66, hakuna mnyororo mzito wa 50 wala mwepesi wa 25, vipande vinavyounda kingamwili. Hiyo ni albumini ya ng'ombe, ambayo maabara yoyote inayo kwenye jokofu. Nimenunua albumini kwa bei ya mahari.

Kuna jambo moja linaniuma kuliko pesa. Picha aliyonitumia kwanza ilionyesha mstari kwenye 46. Huo ndio uzito wa kalsekwestrini ya moyo ukiuhesabu kwa mpangilio wa amino asidi. Kwenye jeli yenyewe haifiki hapo. Kwa kuwa ina asidi nyingi huchelewa na kusimama karibu na 55. Aliyetengeneza picha ile alisoma namba mahali, hajawahi kuiona protini. Mimi ninayeisoma mwaka wa pili sasa nilipaswa kucheka palepale.

Halafu mwenzetu wa Kilifi alinunua kwake kingamwili ya protini nyingine kabisa. Tulipolinganisha vichupa, namba ya bechi ni ileile na tarehe ya kwisha ni ileile.

Nilipompigia alinijibu kwa upole kwamba "nimeihifadhi vibaya". Tangu hapo simu yake haipatikani, ila nasikia ana laini mpya na sasa anapelekea kliniki vipimo vya haraka vya troponini, protini inayoonekana kwenye damu msuli wa moyo ukiumia. Kliniki zikimwamini, mgonjwa mwenye mshtuko wa moyo atapimwa na kurudishwa nyumbani.

Kama una kichupa chake usikitupe, polisi wanavikusanya. Ukitaka kukipima, njoo na mikrolita 2 tu. Kingamwili ya pili na utando ninavyo, na tone halichukui zaidi ya saa mbili.