Spanieli Yupi Anunuliwe Kwanza: Mpangilio kwa Anayetaka Mbwa wa Nyumbani

Wanunuzi wengi wa spanieli, jamii ya mbwa wenye masikio marefu yaliyolala, huvutiwa na sura, ilhali yanayoamua kama mbwa na mwenyewe wataelewana ni muda wa mazoezi, kazi ya manyoya na magonjwa ya kurithi. Kwa vigezo hivyo ndivyo nilivyowapanga.

Wa kwanza ni Cocker wa Kiingereza, mwenye kilo 12 hadi 15, mchangamfu na mpenda watu. Aliyetoka katika ukoo uliozalishwa kwa maonyesho ya mbwa hutosheka na saa moja hivi ya matembezi kwa siku. Wa ukoo wa uwindaji ni mwingine kabisa: asipopewa kazi hujitafutia mwenyewe, na mara nyingi huipata kwenye viatu vyako. Mfugaji aulizwe ukoo kabla ya bei.

Springer wa Kiingereza, wa kilo 20 na ushei, nampa nafasi ya pili kwa sababu tu huhitaji takriban saa mbili za kukimbia kila siku. Mwenye kupenda mbio anaweza kumweka wa kwanza.

Cavalier King Charles ni wa tatu, na najua wengi watanipinga, kwani ni mdogo, ni mpole kupita wenzake, na hata mzee humudu. Hata hivyo, ugonjwa wa vali ya moyo umeenea mno katika mbegu hii, na wengi wana fuvu lisilotosha ubongo, hali inayoweza kuleta maumivu makali ya shingo. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Norwe iliamua kuwa kuwazalisha kunakiuka sheria ya ustawi wa wanyama. Anayemtaka adai vyeti vya uchunguzi wa moyo vya wazazi wote wawili.

Cocker wa Kimarekani anakuja mwisho, kwa kuwa manyoya yake husokotana asipochanwa karibu kila siku.

Vyovyote utakavyochagua, mwinue mtoto wa mbwa sikio kabla ya kulipa. Ndani pawe pakavu, pasipo wekundu wala harufu. Nta nyeusi yenye kunuka ni dalili ya maambukizi. Sikio refu lililolala huziba tundu, unyevu ukabaki humo na fangasi wakastawi, hivyo likaguliwe kila wiki na kukaushwa kila anapoogeshwa. Vijiti vya pamba visiingizwe, maana husukuma uchafu kuelekea kwenye ngoma ya sikio.