Linux Mint 22 kwenye skrini za mtumba: miezi mitano nikiangalia herufi tu

Mwanafunzi mmoja wa sheria alikaa pembeni yangu kwenye benchi, kama wanavyokaa wote, wakichunga TFC yao, kazi yao ya kumalizia masomo, isipotezwe neno. Nilikuwa nimempigia ukurasa mzima wa maelezo ya chini, herufi za ukubwa wa 10. Akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. “Mama, hiyo ni é ama ni è?” Nikaangalia. Sikujua. Nilikuwa nimeiandika kwa vidole vyangu dakika mbili tu kabla, na sikujua.

Mimi nachapa na kutoa fotokopi kwenye barabara ya Kasapa, njia ya kwenda kampasi, hapa Lubumbashi. Huu ni mwaka wa 14. Nina mashine tatu na zote nilizinunua zikiwa zimeshatumika: laptopu mbili za inchi 15 na nusu, skrini (ekra, tunavyoita huku) za 1366 kwa 768, na moja ya mezani. Windows 10 ilipofikia mwisho wake Oktoba 2025, hakuna hata moja kati ya hizo iliyokubaliwa na Windows 11. Mtoto wa dada yangu akaja na fulashi. “Tantine, hii Linux Mint ni mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, na ni ya bure.” Bure yenyewe ilinila karibu giga 3 za kupakua, pamoja na sahani ya bukari na kapenta kwa fundi. Leo sitazungumzia mambo mengine ya Mint. Mimi naangalia herufi saa 10 kwa siku, basi nitasema habari za herufi. Ya michezo na video mtawauliza vijana.

Kwanza mnielewe kitu kimoja. Herufi ina mikunjo, lakini skrini imejengwa kwa vigae vya mraba. Ukichora “o” kwa vigae vyeusi na vyeupe peke yake, inaota meno kama msumeno. Kwa hiyo pembezoni kunawekwa vigae vya kijivu, na jicho linakubali kudanganywa. Huko ndiko kulainisha herufi, lissage kwa Kifaransa chetu cha kazini. Kuna njia nyingine yenye ujanja zaidi. Kila kigae, yaani pikseli, kwenye skrini za kawaida kina vijipande vitatu bega kwa bega: chekundu, cha kijani na cha buluu. Programu inaweza kuwasha kila kijipande kivyake, na hapo ni kama upana wa skrini umezidishwa mara tatu. Microsoft walitangaza njia yao mwaka 1998 kwa jina la ClearType, na hataza zake zilikwisha 2019. Halafu kuna hintingi, yaani kuisukuma herufi kidogo ili miguu yake ikanyage sawasawa juu ya safu za pikseli. Ukiisukuma sana inakuwa kali lakini inapoteza sura. Ukiisukuma kidogo, kwa wima tu, inabaki na sura yake na mstari unanyooka.

Mint inakupa haya yote kwenye dirisha moja la mipangilio, bila kuandika amri yoyote. Hilo peke yake nimelipenda. Nikachukua ukurasa uleule wa yule mwanasheria nikaujaribu siku tatu. Siku ya kwanza, bila kulainisha: meno ya msumeno, na jioni kichwa kinagonga. Siku ya pili, kijivu: laini, inapumzisha, lakini alama juu ya “e” imekuwa kama vumbi lililoangukia kioo. Siku ya tatu, njia ya vijipande vya rangi pamoja na hintingi ndogo, na hapo nikaona. Sababu niliifahamu baadaye nikiwa njiani kurudi nyumbani: alama ya é inapanda kuelekea kulia, ya è inapanda kuelekea kushoto. Tofauti yao iko kwenye upana, na upana ndio unaoongezwa na hivi vijipande. Anayepiga Kifaransa cha wanafunzi kutwa nzima atanielewa, maana profesa akikuta alama hizo zimechanganyika anazungushia wino mwekundu, na mwanafunzi anarudi kwangu, si kwa profesa.

Ukikaza macho unaona kivuli cha rangi pembeni mwa herufi. Wateja wanaotazama kutoka upande wa benchi wanakiona kuliko mimi. Mama mmoja aliniuliza kama wino wa kompyuta umeanza kuvuja. Mimi nimeshakizoea. Aina ya herufi iitwayo Ubuntu, inayokuja na Mint, nayo niliibadilisha, kwa macho yangu ni nyembamba, nikaweka nyingine, DejaVu Sans. Herufi zake ni pana, zinakula nafasi, menyu nyingine zinabanana. Na iwe hivyo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Nilidhani kinachochosha macho ni ukungu wa herufi. Sivyo. Kinachochosha ni kuhama. Dirisha hili herufi zake ni kali, la jirani zina ukungu, la tatu ni nyembamba, na kila ukivuka, jicho linaanza upya kujipanga, kama dereva anayetoka lami kuingia vumbi na kurudi lami kila mita mia. Ukungu wa namna moja kutwa nzima, mwili unauzoea. Kuhamahama hakuzoeleki.

Na huko kuhama kunaongezeka duniani. Apple waliacha ile njia ya vijipande mwaka 2018, kwa sababu skrini zao zina pikseli nyingi mno na tofauti haionekani. GTK 4, msingi ambao programu nyingi mpya za Linux zinajengwa juu yake, ilitoka Desemba 2020 bila njia hiyo. Humo ni kijivu tu. Sina ugomvi nao. Mwenye skrini ya pikseli 200 au 300 kwa inchi hatapungukiwa kitu. Mimi nina 100 hivi kwa inchi, na kwangu inaonekana hata nikiwa nimesimama mlangoni. Niliwahi kuweka programu moja mpya ya kupanga picha za pasipoti: kichwa cha dirisha cha aina yake, vitufe vya aina yake, herufi za kijivu katikati ya madirisha yangu mengine. Ilikuwa kama mgeni aliyekuja kwenye matanga na suti nyeupe. Niliitoa wiki ileile.

Hapa ndipo nawapa Mint heshima yao. Walipotoa toleo la 22, Julai 2024, baadhi ya programu ndogo zilikuwa zimeshahamia kwenye mtindo huo mpya usiofuata sura ya mfumo. Wao wakazirudisha nyuma kwenye matoleo ya GTK 3: kikokotoo, kalenda, programu ya skana na nyinginezo. Watu wengi wataona ni ajabu, kurudi nyuma badala ya kwenda mbele. Mimi ninayeskani vyeti mia kwa wiki, nikitoka kwenye skana kuingia kwenye barua sivuki mpaka wowote. Mhariri wao wa maandishi na kisomaji chao cha PDF navyo vimevaa nguo ileile. Na toleo hili litahudumiwa hadi 2029. Ni muda mrefu kuliko uhai nilioutarajia kwa laptopu zangu.

Hawawezi kila kitu, hata hivyo. Mfanyabiashara mmoja wa komuni ya Kenya (yetu ya hapa, si nchi) aliniletea hesabu zake ndani ya programu ya zamani ya Java. Hiyo haikusikiliza mpangilio wowote. 3 na 8 zilifanana kama ndugu, kwenye hesabu za pesa! Kijana wangu akaongeza neno kwenye amri ya kuifungua, la kuiambia Java ifuate ulainishaji wa mfumo. Imekuwa afadhali, haijawa nzuri. Nasoma namba zake kwa sauti, mara mbili.

Kuhusu kurasa, neno fupi kwa wenzangu wa kazi hii: faili la Times New Roman likifunguka kwa Liberation Serif, aina ya herufi ya bure inayoshika nafasi yake, upana wa herufi ni uleule, mistari haihami na idadi ya kurasa haibadiliki. Calibri nayo ina mbadala wake, Carlito. Nilikuwa na wasiwasi mkubwa hapo, umekwisha.

Nyota? Nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya mashine ya mezani, ingawa kosa ni langu. Skrini yake ya inchi 19 niliisimamisha wima, ili ukurasa wa A4 uonekane mzima. Baada ya kuweka njia ya rangi, kila herufi ikawa imepakwa pinki. Siku mbili nilimlaumu fundi. Kumbe ukiigeuza skrini, vile vijipande havisimami tena bega kwa bega, vinapandana kama matofali, na programu inaendelea kupaka kana kwamba hakuna kilichobadilika. Nikarudisha kijivu kwenye hiyo moja, nikaongeza ukubwa wa maandishi kidogo, pinki ikaisha.

Kwa hiyo mashine zangu hazifanani zenyewe kwa zenyewe, lakini ndani ya kila moja madirisha yote yanafanana, na é ni é. Binti anayenisaidia ameshajimilikisha ile ya wima. Anadai laptopu zinamkunja shingo. Mimi naipata akienda kula.